Buluu Iliyozidi

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha ya kampuni. Sijafukuzwa kazi, na mchumba bado hajapatikana, kwa hiyo tulia. Nimepewa kazi ambayo nikikusimulia utashika mbavu: nimepewa kazi ya kukuingiza wewe kwenye kompyuta.

Ndiyo, wewe. Kiwanda chenu kimetuagiza programu ya kusaidia chumba cha rangi. Mkuu wenu alipoulizwa ni nani hapo anayejua kuchanganya rangi, alikutaja wewe peke yako. Niliposema huyo ni dada wa baba yangu, mwenzangu mmoja akashangilia, "Basi kazi imekwisha!" Hakujui huyo.

Nikueleze kidogo. Programu nyingi tunazoandika, ujuzi umo ndani yake kama chumvi ndani ya mchuzi: ukishatia, kuitoa huwezi. Hii tunataka iwe na sehemu mbili. Moja ni ya kufikiri, hiyo tutaitengeneza sisi. Ya pili ni ghala la maarifa, na humo yatakaa maneno yako tu, yamepangwa hivi: IKIWA jambo fulani, BASI fanya hivi. Ukibadili mawazo, tunabadili kanuni moja bila kubomoa nyumba nzima.

Mkuu wangu wa kazi, ambaye sote tunamwita Bwana Majaribio, amekubali kwa sharti moja: kila kanuni yako itajaribiwa kama tunavyojaribu programu nyingine yoyote. Mtu huyu haamini kitu mpaka akijaribu. Nadhani hata kiti hukibonyeza kabla ya kukalia.

Simu huipendi, najua, unasema inakukata maneno mdomoni. Basi niandikie. Dereva wenu wa sampuli huja hapa kila wiki na vipande vya nguo. Tia barua kwenye mfuko wake. Anza popote. Kijani cha sare za wauguzi, kwa mfano, unakipataje?

Kidomodomo wako


12 Februari

Mwanangu Kidomodomo,

Marahaba. Kuniingiza kwenye kompyuta! Nitakaaje humo na goti hili lisilotaka kukunjika? Nimemsomea barua yako Bi Mizani, maana mimi na yeye hatuna siri tangu alipoanza kunipimia rangi, wakati huo wewe unatambaa na kula udongo. Amecheka mpaka mizani ikatikisika. Anauliza yeye ataingizwa wapi. Nimemwambia aendelee kupima.

Haya, tega sikio.

IKIWA pamba imekuja kavu mno, BASI iloweke kwanza, la sivyo itainywa rangi kwa pupa na kutoka na mabaka.

IKIWA mvua kubwa imenyesha, BASI usiyaamini maji ya bomba. Pika kipande kidogo kabla hujajaza pipa.

IKIWA mteja amekuja na haraka zake, BASI mpe kiti. Usicheke, iandike.

Sasa kijani cha wauguzi. Njano sehemu tano, buluu sehemu nne. Zamani nilikuwa natia buluu tatu, lakini tangu mwaka jana nikipika naona imepauka, nimeirekebisha.

Ujue pia ninavyofanya kazi. Napika kwenye sufuria yangu ndogo, nainua kitambaa kwa kijiti, nakwenda nacho dirishani. Siweki kipande cha mteja pembeni nikalinganisha. Hiyo ni kazi ya wanaojifunza. Rangi za kiwanda hiki zote ninazo kichwani. Nikiridhika naandika mchanganyiko, Bi Mizani anapima wa pipa kubwa, basi. Nguo zikikaukia kule ukumbi wa pili mimi nimeshahamia rangi nyingine. Hivyo vipande mnavyoletewa ni yeye anayevikata.

Na nakuahidi kitu kimoja: sitakuandikia kanuni ya kukisia. Kila moja nitaipika upya, niione kwa macho yangu haya mawili, ndipo niitume. Sitaki mtu aje aseme Shangazi alimdanganya mtoto wa kaka yake.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua zako zinakuja kwa mfululizo mpaka dereva ameniuliza huyu bwana anayetia barua mfukoni mwake ana nia gani. Nimemwambia ni shangazi yangu. Hakuamini.

Ghala linajaa. Jana nilimwuliza yule mwanafunzi wako wa kwenye mashine, "Pamba kavu, mvua imenyesha, tunataka kijivu, tufanyeje?" Akajibu karibu kabisa na unavyojibu wewe, ila bila kusonya. Nilifurahi, nikawaita wenzangu waje waone.

Ila nina malalamiko. Mbona herufi zako zinazidi kunenepa? Barua ya kwanza ilienea karatasi moja. Hii ya juzi kanuni tatu zimekula karatasi nzima. Au unaniona bado niko chekechea? Na punguza kasi, Shangazi, hatushindani na mtu. Wiki ijayo Bwana Majaribio anaanza kazi yake: ana shehena ya vipande vya zamani ambavyo wateja walivikubali, na michanganyiko yake ya wakati ule. Kila kanuni yako itapimwa kwa hivyo. Zikipita, programu itaanza kutumika kwenye mapipa mwezi wa sita.

Kidomodomo


17 Machi

Mwanangu,

Herufi kubwa ni kwa ajili ya kompyuta yako, isije ikasema haikuona.

Kasi siipunguzi. Nikikupa, pokea. Kuna kanuni nyingine nyingi na nataka ziingie zote, za buluu, za kahawia, za kijivu ambacho kinawashinda wengi. Usiniambie ngoja. Leo nimekutumia sita, dereva akija huko tena nitatia nyingine mfukoni mwake.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika barua hii mara tatu na kuichana. Nitasema tu.

Majaribio yamefeli. Si yote: pamba, maji, chumvi, muda wa kupika, hayo yamepita vizuri sana. Lakini michanganyiko yako karibu yote imegongana na ile ya zamani. Nikasema labda mambo yamebadilika kiwandani, labda mmeleta rangi mpya. Basi nikachukua vipande vya mwezi huu, hivi hivi vinavyokuja na barua zako, nikaviweka kwenye kifaa cha kupimia rangi. Ni sahihi kabisa, havina hata doa la kosa. Lakini kanuni ulizoniandikia haziwezi kutoa rangi hiyo, Shangazi. Haziwezi. Ukizifuata, wauguzi watavaa kama mabaharia.

Kwa hiyo pipani kinatiwa kimoja na kwangu kinaandikwa kingine. Nimejaribu kutafuta maana nyingine nimekosa. Nadhani unaogopa kwamba mashine ikishajua, kiwanda hakitakuhitaji. Ningekuelewa. Lakini si ungeniambia? Mimi ni mtu wa kunizungusha? Nimesimama mbele ya watu nikaapa kuwa wewe husemi uongo. Leo nimekaa nao mezani nikashindwa kuinua uso.

Kama hutaki kunipa ujuzi wako, ni wako. Ninyime waziwazi. Usinipe wa bandia.

Mtoto wa kaka yako


9 Aprili

Mwanangu,

Nimekupa nilichonacho. Sina kingine. Kila ulichopokea nilikipika na kukitazama kabla ya kukuandikia, kama nilivyoahidi.

Umeniita mwongo kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Nimeiweka.

Shangazi yako


15 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nisamehe kabla hujasoma zaidi, halafu usome.

Nilimpelekea Bwana Majaribio barua yako nikitegemea ataniunga mkono. Akazikunjua zile kanuni mezani, akazipanga kwa tarehe, akaniuliza, "Umewahi kumkamata mtu anayedanganya?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwongo hutupa makosa huku na huku ili yasifuatike. Haya yote yameelekea upande mmoja. Kila mahali ni buluu iliyozidi, na kila mwezi inazidi kidogo. Huyu mama hadanganyi. Huyu mama ndivyo anavyoona."

Nikatoka nje. Nilikwenda nikasimama kwenye ngazi nikazikumbuka zile herufi zako, na mimi na utani wangu wa chekechea. Kidomo changu hiki, kuna siku kitanitokea puani. Kimeshanitokea.

Shangazi, macho yako yanaonaje? Nakuuliza mimi, si kampuni. Kanuni za michanganyiko nimezizuia, haziendi kokote. Sababu sijamwambia mtu wa kiwandani na sitamwambia. Hiyo ni yako kusema au kutosema.

Swali moja tu linanisumbua: kama unaona hivyo, vipande vinatokaje sahihi? Hata Bwana Majaribio hana jibu.

Kidomodomo


23 Aprili

Mwanangu,

Nimekusamehe. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikachoka.

Umenibana, basi nitasema. Ilianza kama moshi. Nikadhani ni mvuke wa sufuria. Nikafuta dirisha, nikamgombeza mfagiaji wa watu, kumbe dirisha halina kosa. Jioni taa zina manyoya. Uzi kwenye sindano nautia kwa kubahatisha. Kuandika, naandika kwa herufi unazozijua. Lakini rangi, mwanangu, naapa sikujua. Niliona nguo zimechakaa, zimekuwa za njano njano, nikasema pamba ya siku hizi si pamba, nikaongeza buluu. Nilikuwa na hakika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wewe ulidhani nakunyima. Mimi nilikuwa nakimbia. Bibi yako, mama yetu, alipofuka akiwa na umri kama wangu huu. Tulikuwa tunamhamisha na mkeka wake: jua likisogea, na yeye tunamsogeza. Watu wakija walimsalimia kwa kupiga kelele, kana kwamba ameziba masikio. Nikamwona akikaa hivyo miaka. Basi nilipoona moshi umekuja kwangu, na wewe ukaandika kuwa kuna ghala la kuhifadhi ninachokijua, nikasema Mungu ameniletea mtoto huyu kwa wakati. Nimpe vyote kabla macho hayajazimika. Ndiyo maana ya kasi.

Na ndiyo nikaharibu. Michanganyiko ya zamani ilikuwa kichwani, mizima. Ningeinakili tu usingizini ingepita majaribio yenu. Lakini mimi, kwa uaminifu wangu, nikaipika mmoja mmoja, nikaitazama kwa macho haya, nikairekebisha. Nimesahihisha mpaka nimekosea.

Kuhusu vipande sijui. Labda kifaa chenu kibovu.

Usimwambie mtu. Nikitoka kwenye chumba kile najua ninapokwenda kukaa.

Shangazi yako


27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kifaa si kibovu. Lakini tuache vipande.

Umeshamwona daktari? Najua jibu. Hujamwona, kwa sababu unaogopa atakwambia ulichokwisha jiambia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo, nilipoficha kidonda cha mguu ili niende kucheza. Ulinishika sikio mpaka kituo cha afya. Mimi sikio lako siwezi kulishika, adabu hainiruhusu, lakini Baba anaweza.

Sikiliza. Mama yake Bwana Majaribio alikuwa na moshi huo huo, na manyoya kwenye taa, na njano kwenye kila kitu. Ilikuwa mtoto wa jicho. Walimtoa. Sasa anasoma maandishi ya kwenye kopo la dawa bila miwani na kumkosoa mwanawe nywele. Sisemi na wewe ni hilo. Mimi si daktari. Nasema hujui, na mimi sijui, na Bibi hakuna aliyempeleka akatazamwe. Tunaogopa kitu ambacho hakuna aliyekitia jina.

Hizi kanuni zangu tunasema hazina thamani mpaka zijaribiwe. Na hofu yako pia hujaijaribu, umeiamini tu. Nakuomba. Silii kwa ajili ya programu, hata wakiifuta leo. Nalia kwa ajili yako.

Kidomodomo wako


8 Mei

Mwanangu,

Baba yako alikuja Jumapili na pikipiki ya kuazima, akanipa kofia ya chuma. Kumbe umeshamwandikia, mdomo wako huo!

Daktari ni kibinti, kama wewe. Amenimulika, ameniambia nitazame juu, chini, kwenye sikio lake. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, "Mama, ni mtoto wa jicho, yote mawili. Tutaanza na la kulia." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwuliza, na mama yangu je? Akasema hawezi kujua bila kumwona, lakini huenda lilikuwa hilo hilo.

Sikulia pale. Nimelia nyumbani, kwa ajili ya ule mkeka.

Mkuu wa kiwanda nimemwambia mwenyewe. Nilisimama, sikukaa. Ameniambia niende nikatibiwe, akanitafutia na mtu wa kunipeleka. Nilijiandaa kwa vita, nikakosa wa kupigana naye.

Shangazi yako


12 Juni

Mwanangu Kidomodomo,

Tazama herufi zangu! Hii karatasi moja itatosha.

Wamenitoa la kulia, la kushoto bado linangoja zamu. Nilipofunguliwa kitambaa nilimwuliza muuguzi kwa nini ukuta wamepaka upya. Akasema haujapakwa miaka na miaka. Ni mweupe tu. Nafumba jicho moja, dunia ya chai. Nafumba jingine, dunia ya maziwa. Nimekuwa nikifumba na kufumbua kama mtoto mwenye taa mpya, mpaka baba yako akaondoka kwa aibu.

Jana, mapumziko yamenichosha, nikapita kiwandani kusalimia tu. Nikapika kijani cha wauguzi kwa kanuni yangu niliyokuandikia, buluu nne. Nikakipeleka dirishani. Loo! Ulisema kweli, ni mabaharia watupu! Niliona haya, nikakificha nyuma ya kopo.

Kisha swali lako likanirudia. Mwaka mzima nimekuwa nikiandika michanganyiko ya namna ile, na hakuna nguo iliyorudishwa. Nikaenda ukumbi wa pili, ambako sina desturi ya kwenda. Zimetundikwa mstari kwa mstari, na zote ni kijani cha wauguzi, kile kile cha kichwani kwangu. Nikasimama katikati yake. Mkononi mwangu palikuwa na buluu nne, na kambani buluu tatu. Baina ya mkono wangu na pipa kuna mtu mmoja tu.

Nikarudi. Bi Mizani alikuwa anapima, hakuinua kichwa.

Nikamwambia, "Nikiandika buluu nne, unapima ngapi?"

"Tatu."

"Na nikiandika tano?"

"Tatu. Kijani ni kile kile, mama, hakijapanda cheo."

"Tangu lini?"

"Tangu zile sare za mwaka jana. Ulizitazama dirishani ukasema zimepauka, na mimi naona zinang'aa. Nikajua."

Nikakasirika, mwanangu. Nikamwambia yote haya nimeyabeba peke yangu, usiku silali, mchana natabasamu, na yeye anajua. Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akaweka kijiko chini. Akasema, "Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Mwaka mzima nimemficha mtu ambaye kila asubuhi alikuwa akinisitiri. Nikakaa juu ya kopo la rangi nikaangua kilio mbele ya mapipa, bila kujali nani ananiona. Bi Mizani akaja mbio na kitambaa, akanifuta uso.

"Lia na la kushoto," akasema. "Hilo la kulia daktari amekataza lisilowe."

Shangazi yako